Kupima Viashiria vya Mwili katika Mkojo na Damu: Mwongozo kwa Watafiti wa Afya wa Unguja na Pemba

Mtafiti anayetaka kujua ni watoto wangapi wa skuli fulani ya Pemba wana kichocho, akifika saa moja asubuhi, akagawa vikombe na kuondoka navyo saa mbili, atapata idadi ndogo kuliko iliyopo. Mayai ya kichocho cha mkojo hutoka kwa wingi zaidi karibu na adhuhuri, na ndiyo sababu mkojo wa kipimo hicho hukusanywa baina ya saa nne asubuhi na saa nane mchana. Darubini itakuwa ileile na msomaji wa slaidi atakuwa yuleyule, lakini jibu litabadilika kwa sababu ya saa tu. Sehemu kubwa ya usahihi wa kipimo huamuliwa kabla sampuli haijafika kwenye meza ya maabara, na kwa hiyo katika mwongozo huu nitakaa zaidi kwenye kikombe, sindano na safari, kisha nipite kwa haraka kwenye mashine, ambazo kila moja ina kitabu chake cha maelekezo.

Kuchagua cha kupima

Kiashiria cha kibayolojia ni kitu chochote cha mwilini kinachoweza kupimwa na kikatujulisha hali ya mwili huo: protini, homoni, sukari, madini, kingamwili, au mabaki ya kimelea. Kosa ninaloliona mara nyingi katika mapendekezo ya utafiti ni mtu kuchagua kiashiria kwa sababu kitendanishi chake, yaani kemikali ya kukipimia, kinapatikana, kisha kukitafutia swali baadaye. Anza na swali, uliandike kwa sentensi moja, halafu jiulize ni kitu gani hasa kwenye mkojo au damu kinachobadilika pale jibu la swali hilo linapobadilika.

Kichocho chenyewe kinatosha kuwa mfano. Mayai yanayohesabiwa kwa darubini yanaonyesha kwamba wamo minyoo majike wanaotaga, na idadi yake katika mililita 10 za mkojo hutumika kupanga ukali wa maambukizi: chini ya mayai 50 huhesabiwa kuwa hafifu, na 50 au zaidi kuwa makali. Damu isiyoonekana kwa macho, inayogunduliwa kwa kijiti kinachobadilika rangi, inaonyesha madhara katika kibofu na njia ya mkojo, haimwonyeshi mnyoo mwenyewe. Antijeni, yaani kitu cha kimelea ambacho mwili hukitambua kuwa kigeni, inayotolewa na minyoo hai huingia katika damu ya mgonjwa, hupita kwenye figo na kutokea katika mkojo, na huweza kugunduliwa hata kwa mtu ambaye mayai yake ni machache mno kuonekana. Kingamwili, kwa upande wake, hubaki kwenye damu muda mrefu baada ya minyoo kufa, hivyo inatueleza zaidi yaliyopita kuliko yaliyopo. Hivyo ni vipimo vinne kwa mtu mmoja, vyenye majibu manne yanayoweza kutofautiana na yote yakawa sahihi.

Tofauti hiyo imekuwa na uzito mkubwa kwetu. Mradi wa kutokomeza maambukizi ya kichocho Zanzibar, ulioendeshwa kati ya 2011 na 2017 katika shehia 45 za Unguja na 45 za Pemba, ulitegemea hasa mkojo uliochujwa na kusomwa kwa darubini. Kadiri maambukizi yanavyopungua, ndivyo wagonjwa wanaobaki wanavyokuwa na mayai machache yanayoponyoka kwenye chujio, na mtafiti anayefanya kazi leo katika shehia ambayo ugonjwa umeshuka sana hana budi kufikiria kipimo cha antijeni, ijapokuwa kina gharama.

Kibali, sheha, na hofu za watu

Hakuna tone la damu linaloruhusiwa kuchukuliwa kabla Kamati ya Maadili ya Utafiti wa Afya Zanzibar haijaidhinisha utafiti. Kibali hicho kikishapatikana, kazi inahamia kwa sheha, kwa mwalimu mkuu na kwa wazazi, na hapo lugha ya fomu huwa haisaidii. Uvumi wa mumiani, watu wanaodaiwa kunyonya damu za wenzao ili itengenezewe dawa, ni wa zamani katika mwambao wetu, na mtafiti anayechukua damu bila kueleza inakwenda wapi huuamsha mwenyewe. Mililita si kipimo cha nyumbani. Ukimwambia mzazi, "Mama, damu tutakayomtoa mtoto ni kijiko kimoja cha chai, itapimwa wekundu wa damu na madini ya chuma, na kitakachobaki kitahifadhiwa kwa miaka kadhaa ukikubali," atakuwa ameelewa kiasi, sababu na hatima yake, na atauliza maswali ya maana. Hilo la kuhifadhi mabaki liulizwe peke yake na lijibiwe peke yake, kwa sababu mtu anaweza kukubali kupimwa leo akakataa damu yake iwekwe au isafirishwe nje ya nchi.

Mkojo nao una jambo lake. Ni najisi, na mtu aliyevaa nguo anazotarajia kuswalia adhuhuri hatafurahia kupewa kikombe kisichofunga vizuri. Toa vikombe vyenye vifuniko vya kukaza, mifuko isiyoonyesha kilichomo, na uweke maji na sabuni karibu na choo. Wasichana wa madarasa ya juu hawatapita mbele ya wavulana na kikombe mkononi, wala si haki kuwataka wafanye hivyo. Wapangiwe muda wao na wapokelewe na mfanyakazi mwanamke. Watafiti wengi hudhani kwamba sampuli zinazokosekana zinatokana na ukaidi wa watu, ilhali aghalabu zinatokana na njia ya kuelekea chooni.

Kabla ya yote hayo, tayarisha namba. Katika orodha moja niliyowahi kufanyia kazi, wanafunzi watatu wa skuli moja walikuwa na majina matatu yaleyale kwa mpangilio uleule, na wawili kati yao walikuwa darasa moja. Visiwa vyetu vina akina Khamis Juma Khamis wengi. Kila mshiriki apewe namba ya pekee, lebo zichapishwe kabla ya safari kwa karatasi inayohimili baridi kali, na lebo ibandikwe kwenye mwili wa kikombe au tyubu, kamwe isibandikwe kwenye kifuniko, kwa kuwa vifuniko hubadilishana. Jina lisionekane popote kwenye sampuli.

Mkojo

Kwanza amua ni mkojo upi unaoutaka, kwa sababu mkojo mmoja hauwi sawa mwanzo, kati na mwisho. Anayetafuta bakteria huomba mkojo wa katikati, baada ya mshiriki kujisafisha na kuacha wa kwanza upite. Anayetafuta mayai ya kichocho huwa na faida zaidi kwa matone ya mwisho, kibofu kinapojikamua, na wengine huwataka watoto wakimbie au waruke kidogo kabla ya kukojoa. Anayepima homoni au protini mara nyingi hupendelea mkojo wa kwanza wa asubuhi kwa sababu umekolea. Chochote ulichochagua kiwe kilekile kwa washiriki wote, na saa iandikwe kwenye fomu na mtu aliyeipokea sampuli, palepale. Saa iliyojazwa jioni kwa kukumbuka haina thamani.

Kwa kipimo cha mayai, kikombe kitikiswe taratibu kabla ya kuvuta mililita 10 kwa bomba la sindano, kwani mayai huzama chini na anayevuta juu ya kikombe bila kutikisa huvuta maji matupu. Mkojo husukumwa kupitia chujio lenye matundu madogo mno, chujio huwekwa juu ya slaidi, na mayai yote huhesabiwa, bila kukisia. Slaidi chache zichaguliwe kwa bahati nasibu zisomwe tena na mtu wa pili asiyejua jibu la kwanza.

Vijiti vya kupima damu kwenye mkojo vinaonekana rahisi na ndiyo maana huharibiwa sana. Kichupa chake hakipaswi kuachwa wazi, hasa wakati wa masika ambapo unyevu wa hewa huharibu kijiti kabla hata hakijaguswa na mkojo. Rangi isomwe kwa dakika iliyoandikwa kwenye kichupa, kwa saa ya mkononi, kwenye mwanga wa kutosha. Kijiti kilichosahauliwa mezani kwa dakika tano kitamfanya kila mtu aonekane mgonjwa. Vitamini C nyingi mwilini inaweza kuficha damu iliyopo, na hedhi inaweza kuleta damu isiyotoka kwenye kibofu, kwa hiyo mfanyakazi mwanamke aulize faraghani na jibu liandikwe.

Tatizo kubwa la mkojo ni maji. Aliyekunywa madafu mawili na aliyeshinda juani shambani watakuwa na mkojo wenye ukolezi tofauti kabisa, hata kama figo zao zinafanya kazi sawasawa. Ndiyo sababu hupimwa pia kreatinini, taka inayotokana na misuli na kutolewa kwa kiwango kisichobadilika sana kwa siku, kisha kiashiria kikagawanywa kwayo. Chukua watu wazima wawili waliopimwa albumini, protini ambayo figo zenye afya huizuia isitoke: wa kwanza ana albumini miligramu 20 kwa lita na kreatinini gramu 0.4 kwa lita, wa pili ana albumini miligramu 40 na kreatinini gramu 2. Ukiangalia albumini peke yake, wa pili ndiye mwenye tatizo. Ukigawanya, wa kwanza anapata miligramu 50 kwa kila gramu ya kreatinini na wa pili anapata 20, na kwa kuwa mpaka unaotumika kwa kawaida ni 30, anayestahili kuangaliwa ni wa kwanza. Njia hii nayo ina mipaka yake: mtoto mwenye utapiamlo na mzee aliyekonda wana misuli michache, hutoa kreatinini kidogo, na uwiano wao hupanda bila ya figo kuwa na kosa lolote.

Kwa mantiki hiyohiyo, ningeshauri mwezi wa Ramadhani uepukwe kwa utafiti wowote wa mkojo ambao haukuuhusu mwezi wenyewe. Ukolezi hubadilika, saa za kula hugeuka, na wapo watakaoingiwa na wasiwasi kuhusu kutolewa damu wakiwa wamefunga, jambo ambalo halipaswi kuachiwa fundi wa maabara kulitolea jibu.

Damu

Damu huharibika kwa njia nyingi kuliko mkojo, na nyingi ya njia hizo hazionekani. Mkanda wa kufungia mkono usizidi dakika moja, la sivyo maji hutoka kwenye mshipa na protini zilizobaki huonekana zimeongezeka. Ngozi iliyopakwa spiriti iachwe ikauke kabisa. Damu isivutwe kwa nguvu kwa bomba kubwa kupitia sindano nyembamba, wala isisukumwe kwa shindo ndani ya tyubu, kwa sababu chembe nyekundu hupasuka na kumwaga potasiamu na vimeng'enya vyake ndani ya majimaji. Seramu, yaani majimaji yanayobaki damu ikishaganda, yenye rangi ya waridi ni dalili kwamba hilo limeshatokea.

Rangi za vifuniko ni maagizo. Tyubu ya kifuniko chekundu huiacha damu igande ili ipatikane seramu; ya zambarau ina EDTA, chumvi ya potasiamu inayozuia damu isigande na inayofaa kwa kuhesabu chembe na kupima himoglobini; ya kijivu ina floraidi ya kuhifadhi sukari; ya buluu ina sitrati kwa vipimo vya kuganda kwa damu. Hujazwa kwa utaratibu: buluu kwanza, kisha nyekundu, kisha zambarau, na kijivu mwisho. Niliwahi kupokea majibu ya watu kadhaa waliokuwa na potasiamu ya juu kiasi cha kutisha na kalisi ya chini, wote wakiwa wazima na wakitembea. Ilibainika kwamba mchukuaji damu, alipoona tyubu nyekundu haikujaa, aliiongezea kwa kumimina kutoka tyubu ya zambarau. EDTA ilileta potasiamu yake na kuifunga kalisi. Siku nzima ya kazi ilipotea kwa nia njema.

Tyubu ya buluu ipinduliwe polepole mara tatu au nne, ya zambarau na ya kijivu mara nane hadi kumi, zisitikiswe. Ya seramu isimame wima kwa dakika 30 hadi 60 ili damu igande sawasawa kabla ya kuzungushwa kwa mashine ili chembe zizame, na isipakiwe kwenye pikipiki ya njia ya vumbi ikiwa bado haijaganda. Ni vyema seramu itenganishwe na chembe ndani ya saa mbili, maana chembe huendelea kula: sukari katika damu isiyotenganishwa hupungua kwa takriban asilimia 5 hadi 7 kila saa katika joto la kawaida la chumba. Kwa timu inayofanya kazi Micheweni huku maabara ikiwa Chake Chake, hesabu hiyo inaamua mambo. Ama watachukua mashine ndogo ya kuzungushia damu hadi kituo cha afya cha jirani, ama watapanga gari liondoke mara mbili kwa siku.

Kuhusu mashine hiyo, usiandike katika utaratibu wa kazi "mizunguko 3,000 kwa dakika" ukadhani umemaliza. Nguvu inayozamisha chembe hutegemea pia urefu wa mkono wa mashine: zidisha 0.00001118 kwa nusu kipenyo katika sentimita, kisha kwa mraba wa mizunguko kwa dakika. Mashine yenye nusu kipenyo cha sentimita 16 itatoa takriban mara 1,610 ya mvutano wa dunia, na yenye sentimita 10 itatoa takriban mara 1,006 kwa mizunguko ileile. Kama utafiti una vituo viwili, Unguja na Pemba, na kila kimoja kina mashine yake, andika nguvu, usiandike mizunguko.

Baadhi ya viashiria vina saa zao hata kwenye damu. Vimelea wachanga wa matende katika eneo letu huingia kwenye damu ya pembeni usiku, hivyo anayetaka kuwaona kwa darubini atachukua damu kati ya saa nne usiku na saa nane, akiwa amemtaarifu sheha mapema ili wageni wenye sindano gizani wasizue taharuki. Anayetosheka na antijeni ya mnyoo mkubwa anaweza kutumia tone la mchana.

Viashiria vingine havifai kupimwa peke yake. Feritini hutumika kukadiria akiba ya chuma mwilini, lakini hupanda mwili unapokuwa na uvimbe, yaani mwitikio wake kwa jeraha au ugonjwa, au maambukizi, na mtoto mwenye malaria anaweza kuonekana ana chuma cha kutosha ilhali hana. Pima pamoja nayo kiashiria cha uvimbe kama protini iitwayo CRP, la sivyo usipime kabisa. Pemba inalijua jambo hili kwa uchungu. Katika jaribio kubwa la kuwapa watoto wadogo madini ya chuma na asidi ya foliki, ambalo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2006, makundi yaliyopewa chuma yalisimamishwa mwaka 2003 kwa sababu ulazwaji hospitali na vifo vilizidi kuliko kwa wasiopewa. Lakini katika kikundi kidogo ambacho damu yao ilipimwa mwanzoni, watoto waliokuwa na upungufu wa chuma na wa damu walionekana kunufaika. Kama watoto wote wangepewa bila ya yeyote kupimwa, sehemu hiyo ya pili isingejulikana.

Kuhifadhi

Gawa seramu, plasma (majimaji ya damu iliyozuiwa kuganda) na mkojo katika vichupa vidogo vya nusu mililita siku hiyohiyo, kwa sababu kila mara sampuli inapoyeyushwa na kugandishwa tena kwa baridi hupoteza kitu, na protini nyingine hazivumilii hata mara mbili. Nyuzi 20 chini ya sifuri zinatosha kwa wiki chache. Kwa miaka, inahitajika friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri. Wenye umri wangu wanakumbuka Unguja ilivyokosa umeme kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, na Pemba ikitegemea majenereta ya Wesha hadi ilipoungwa kwa waya wa chini ya bahari mwaka 2010. Jenereta iwepo, mafuta yawepo, king'ora cha joto kipige simu ya mtu aliye karibu, na vichupa vya kila mshiriki vigawanywe katika friza mbili tofauti ili moja ikifa isife na kila kitu. Kazi ya kiwango hicho inawezekana hapa: Maabara ya Afya ya Jamii Ivo de Carneri ya Wawi, Pemba, iliyofunguliwa mwaka 2000, imekuwa ikifanya utafiti kisiwani kwa zaidi ya miongo miwili, na Pemba ilikuwa mojawapo ya maeneo matatu, pamoja na Sylhet nchini Bangladesh na Karachi nchini Pakistani, yaliyohifadhi damu na mkojo wa wajawazito ili kutafuta viashiria vya matatizo ya ujauzito.

Kupima na kuandika

Mbele ya mashine mambo ni machache. Sampuli za wagonjwa na za wazima zichanganywe kwenye sahani moja, yaani kibao cha plastiki chenye visima vidogo vya kupimia, bila ya mpangilio, maana ukiweka wagonjwa sahani ya Jumatatu na wazima ya Jumanne, utakuwa umepima tofauti ya siku. Kila sampuli ipimwe kwa visima viwili, na vikiachana sana irudiwe. Sampuli za udhibiti, zenye kiwango kinachojulikana, ziwemo katika kila sahani na majibu yake yachorwe kwenye chati ya siku hadi siku. Jibu la udhibiti likitoka nje ya mikengeuko sanifu mitatu kutoka wastani, sahani yote inatupwa, hata ikiwa ni ya mwisho na kitendanishi kimekwisha. Pale kiwango kinapokuwa kidogo kuliko kinachoweza kugunduliwa, andika "chini ya kikomo" pamoja na kikomo chenyewe. Sifuri ni kipimo, na wewe hukuipima.

Majibu yanayomhusu mshiriki yasisubiri makala ichapishwe. Mtoto aliyeonekana na mayai ya kichocho apatiwe prazikwanteli, miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito, na aliyekutwa na upungufu mkubwa wa damu apelekwe hospitali siku hiyohiyo kwa usafiri wa mradi. Kwa ajili hiyo lazima iwepo orodha inayounganisha namba na majina, ikae kwa mtu mmoja, ndani ya kabati lenye kufuli, mbali na friza. Na wakati wa kuandikisha, usiishie kuchukua namba ya simu. Uliza simu hiyo ni ya nani na nani huipokea, kisha mwombe mshiriki mwenyewe aseme kama angependa jibu lake lipitie hapo, au aje kulichukua kituoni.